Heshima Ikaayo Mkiani mwa Kitenzi



Asubuhi moja huko Kajaga, kandokando ya Ziwa Tanganyika, vijana wa taekwondo walijipanga mchangani. Mkufunzi akaamrisha: "Charyeot!" Miguu ikaungana. "Gyeongnye!" Vichwa vikainama. Simama wima, toa heshima: amri hizo za Kikorea mwanajeshi huzielewa kabla hajatafsiriwa, kwani ndizo za gwaride lake mwenyewe.

Siku hiyo palikuwapo mgeni kutoka Korea ya Kusini, mtu wa makamo. Alinionyesha namna ya kusimama, nami, hali nimevaa sare, nikamjibu kwa neno nililolinasa katika filamu: "Arasseo." Maana yake ni "nimeelewa". Uso wake ukabadilika. Baadaye alinifunza kwa upole kwamba nilikuwa nimemjibu kama mtu amjibuye mdogo wake. Nilipaswa kusema: "Algesseumnida." Ujumbe ni ule ule, heshima siyo ile ile.

Tangu siku ile nilianza kujifunza lugha hiyo kwa bidii.

Wakati na heshima

Katika Kiswahili, wakati hutangulia mzizi wa kitenzi: ninafanya, nilifanya, nitafanya. Mkorea hukiweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, kisha wakati huufuata mzizi, na heshima kwa msikilizaji hufunga safari. "Hamnida" ni nafanya. "Haesseumnida" ni nilifanya. "Hagesseumnida" ni nitafanya. Swali hubadili mkia tu: "hamnikka?"

Zaidi ya hayo, kuna silabi "si" imtukuzayo mtendaji. "Gamnida" ni naenda, au anaenda. "Gasimnida" ni anaenda mtu mheshimiwa. Silabi hiyo mtu hajitilii mwenyewe, maana mwungwana hajitukuzi.

Katika jeshi la Korea ya Kusini, kwa miaka mingi askari alitakiwa kumaliza kauli zake kwa "da" au "kka", mikia ya lugha rasmi. Mkia laini wa "yo", utumiwao kwa adabu na raia wa kila siku, haukukubalika. Mwaka 2016 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo iliilegeza desturi hiyo, ikaruhusu "yo" katika maongezi ya kawaida. Nidhamu haikuondolewa, ilitambuliwa tu kwamba gwaride na maongezi si kitu kimoja.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili: huko heshima haipandi ngazi za vyeo peke yake. Watu wazima wasiojuana husemezana kwa adabu, na polisi anayemsimamisha raia barabarani hutarajiwa kumsemesha hivyo hivyo.

Somo kwetu

Tusidhani kwamba utajiri huu ni wa Wakorea peke yao. Katika Kirundi, rafiki huambiwa "waramutse", na mzee huambiwa "mwaramutse". Katika Kiswahili, "leta" ni amri, "ulete" ni ombi, na "naomba ulete" ni ombi lililovuliwa kofia.

Basi mtazame mama mwuza ndagala afikapo kwenye kizuizi katika barabara ya Gatumba. Askari mmoja humwambia: "Leta karatasi!" Mwingine humwambia: "Mama, naomba nione karatasi zako." Wote wawili huonyeshwa karatasi zile zile. Lakini siku mama huyo atakapomwona mtu wa mashaka akivuka usiku, ni yupi kati yao atakayemwendea na habari? Wa kwanza amepata karatasi. Wa pili amepata karatasi na macho ya mtaa mzima.

Bunduki ina kifunga usalama ili isilipuke ovyo. Ulimi nao unacho chake, nacho ni umbo la kitenzi. Tukikague kila asubuhi kabla ya kuingia zamu.