Usomaji wa Kujisaidia na Majeraha ya Nafsi katika Fizi na Baraka

Msongo wa baada ya kiwewe ni hali inayoweza kumpata mtu aliyekabiliwa na kifo, ukatili au hatari kubwa, au aliyeshuhudia mambo hayo yakiwapata wengine, nayo hutambuliwa kwa dalili za aina tatu zinazodumu kwa wiki kadhaa na kumvurugia mtu kazi, ndoa na maisha yake ya kila siku. Aina ya kwanza ni kulipitia tukio upya, ama kwa ndoto za kutisha ama kwa kumbukumbu zinazomvamia mchana kana kwamba jambo lenyewe linatokea sasa. Ya pili ni kukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayolikumbusha. Na ya tatu ni mwili kukaa katika tahadhari isiyokoma, hata mlango ukibamizwa moyo hudunda na usingizi hukatika.

Usomaji wa kujisaidia ni matumizi ya kitabu kilichopangwa hatua kwa hatua ili msomaji aielewe hali yake na kufanya mazoezi ya kuipunguza, ama akiwa peke yake ama akiwa na mtu wa kumwongoza. Wazo la kutumia vitabu kama tiba lilipewa jina la kitaalamu mwaka 1916 na mwandishi Mmarekani Samuel Crothers, na katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wakutubi walipeleka vitabu katika hospitali za wanajeshi. Hoja ya sura hii ni kwamba maandishi ya namna hiyo yanaweza kuwafaa watu wa Fizi na Baraka, kwa sharti kwamba yasomwe kwa sauti, kwa lugha wanayoizungumza, na pamoja na mtu aliyefundishwa kusikiliza.

Mzigo wa Fizi

Teritwari ya Fizi, kusini mwa mkoa wa Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inateremka kutoka nyanda za juu za Minembwe hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ambako mji wa Baraka unatazamana na rasi ya Ubwari. Vita vya mwaka 1996 viliwasukuma wakazi wake wengi kuvuka ziwa kwenda Kigoma nchini Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010. Na siku ya Mwaka Mpya wa 2011 wanajeshi waliwabaka wanawake mjini Fizi, kosa ambalo mahakama ya kijeshi iliyohamia Baraka kwa muda, Februari ya mwaka huo, ililihukumu kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Mfuatano huu una maana ya kitabibu. Vitabu vingi vya kujisaidia viliandikwa kwa ajili ya mtu aliyepatwa na tukio moja, kama ajali ya gari, kisha akarudi kwenye maisha yaliyo salama, ilhali msomaji wa Fizi huenda amekimbia mara kadhaa, amezika ndugu bila matanga, na bado anasikia habari za mapigano katika vijiji vya milimani. Kumpa kitabu cha aina ile bila kukibadilisha ni kumpa dawa iliyopimwa kwa ugonjwa wa mtu mwingine.

Ushahidi wa majaribio

Jaribio moja lililofanyika nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2003 liliwagawa manusura wa ajali za barabarani katika makundi matatu: la kwanza lilipata tiba ya maongezi na mtaalamu, la pili lilipewa kijitabu cha kujisaidia, na la tatu lilipimwa tu mara kwa mara. Waliopata tiba waliendelea vizuri zaidi, lakini kijitabu hakikuleta nafuu iliyozidi ile ya kupimwa tu. Kijitabu kilichokabidhiwa mtu na kuachwa naye, hata kiwe kimeandikwa kwa ustadi, hakiwezi basi kutarajiwa kuponya.

Jaribio la pili lilifanyika karibu zaidi na Fizi, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino kaskazini mwa Uganda, nalo lilichapishwa mwaka 2020. Wanawake wa Sudan Kusini walikutana katika makundi mara 5, kila mara kwa muda wa saa 2, wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa na Shirika la Afya Duniani, wakayajadili na waongozaji wasio madaktari waliopata mafunzo mafupi, kisha wakarudi nyumbani na kitabu kilichojaa michoro. Miezi 3 baadaye, dhiki ya nafsi pamoja na dalili za msongo wa baada ya kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Majaribio hayo mawili yanatofautiana kwa watu, mahali na muda, kwa hiyo hayawezi kulinganishwa moja kwa moja. Hata hivyo, katika lile la Uganda kitabu kilikuwa sehemu ya mkusanyiko wa watu, na kilirudia mambo yaliyokwisha kusikiwa na kufanyiwa mazoezi.

La tatu lilifanyika mashariki mwa Kongo yenyewe, katika Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono waligawanywa kwa vijiji: baadhi ya vijiji vilipata tiba ya kuchakata fikra, yaani mafunzo ya kuzitambua na kuzipima fikra kama vile «kosa lilikuwa langu», na vingine vilipata msaada wa kusikilizwa mmoja mmoja. Baada ya miezi 6, asilimia 9 ya kundi la tiba bado walikuwa na dalili za kiwango cha sonona au wasiwasi, ikilinganishwa na asilimia 42 ya kundi jingine, na hali ya msongo wa baada ya kiwewe ilikuwa na mwelekeo huohuo. Tiba hiyo kwa kawaida humtaka mgonjwa aandike nyumbani. Kwa kuwa wengi hawakujua kuandika, mazoezi yalirahisishwa mpaka yakaweza kushikwa kwa moyo.

Namna ya kusoma

Shule za Kongo hufundisha zaidi kwa Kifaransa, na maandishi mengi ya afya huja kwa lugha hiyo, ingawa Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya mwaka 2006, na ndicho kinachosikika sokoni Baraka sambamba na Kibembe. Kitabu kinachofaa kiandikwe kwa Kiswahili chepesi, kiwe na michoro, na kigawanywe katika vipande vya dakika chache, kwa sababu msongo wenyewe huiba umakini, na mtu asiyelala hawezi kufuata kurasa ishirini. Asiyejua kusoma husomewa, na mazungumzo yanayofuata yafanyike kwa lugha ambayo wasikilizaji huitumia kulia na kucheka.

Faragha nayo ihifadhiwe, kwa kuwa jalada linalotaja ubakaji, likionwa na mkwe au jirani, linaweza kumfukuzisha mwanamke nyumbani. Kichwa cha jumla, kama vile utulivu wa moyo au afya ya jamaa, humlinda msomaji bila kumdanganya.

Kilichomo

Sehemu ya kwanza ya kitabu cha namna hii hueleza dalili na kumthibitishia msomaji kwamba hajarogwa wala hajawa kichaa. Sehemu ya pili hufundisha stadi: kuvuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu zaidi, au kutaja vitu vitano vinavyoonekana hapo alipo ili akili irudi kwenye wakati uliopo. Sehemu ya tatu humsaidia kurudia kidogo kidogo shughuli alizoziacha, na hapa uangalifu mkubwa unahitajika. Mwanamke anayekwepa soko tulivu kwa sababu ya kumbukumbu anaweza kuhimizwa arudi akiwa na mwenzake. Anayekwepa njia ya shamba ambako wenye silaha wameonekana juzi anafanya jambo la busara, na kitabu kisimsukume huko.

Masimulizi marefu ya ukatili hayana nafasi katika kitabu cha kusomwa bila msimamizi, kwa kuwa yanaweza kuamsha yale yanayokusudiwa kutulizwa. Ipo tiba ya masimulizi, iliyojaribiwa pia kwa wakimbizi wa Nakivale nchini Uganda, ambamo mtu husimulia maisha yake yote na maelezo yake huandikwa na kusomwa mbele yake. Lakini kazi hiyo hufanywa na mshauri aliyefunzwa, kikao baada ya kikao.

Mipaka ya kitabu

Anayewaza kujiua, aliyeacha kula, anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayetuliza maumivu kwa pombe kila siku, apelekwe kituo cha afya bila kungoja amalize sura. Aliyebakwa afike huko ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya muda huo. Maelekezo haya yanastahili ukurasa wa kwanza wa kitabu chochote kitakachogawiwa Fizi, pamoja na jina la kituo kilicho karibu, kwa sababu wengine hawataufikia ukurasa wa pili.