Meno yaliyopandana: kung'oa au kuacha?

Hapa Masumbwe kung'oa jino ni jambo rahisi mno. Likiuma, ng'oa. Likitokeza, ng'oa pia! Wengine machonge yao yalichokonolewa wakiwa wachanga, eti ni "meno ya plastiki".

Sasa mtoto wa mama mdogo, miaka 13, chonge lake limeota juu ya ufizi kama limekosa siti kwenye hiace. Kuna mtu kashauri ling'olewe, yaishe. Mimi nikasema hapana aisee.

Chonge lina mzizi mrefu kuliko meno yote na ndilo linaloshika kona ya mdomo. Halina kosa, tatizo ni nafasi. Ndio maana wanaopanga meno kwa nyaya, wakiona lazima kung'oa, kwa kawaida hutoa gego dogo la kwanza, lile la nyuma ya chonge. Lina upana wa milimita 7 hivi, yakitoka mawili, kulia na kushoto, taya linapata kama 14.

Je, ni lazima? Si kwa kila mtu. Nafasi ikipungua chini ya milimita 4, mara nyingi hakuna haja. Ikifika 10, kukwepa ni kazi. Hapo katikati wataalamu wenyewe wamebishana miaka na miaka. Mmarekani Edward Angle alishikilia meno yote yabaki. Mwanafunzi wake, Charles Tweed, akaona wagonjwa wake meno yanarudi kubanana, akawatibu upya kwa kutoa magego, na kuanzia miaka ya 1940 wengi wakamfuata. Leo wanataka kwanza eksirei, vipimo vya taya, na kuangalia midomo imekaaje, maana mwenye midomo bapa akitolewa meno anaweza kuonekana kama kibogoyo.

Kwetu sisi kuna la nauli pia. Nyaya ni kama miaka 2, na karibu kila mwezi zinataka kukazwa. Mtaalamu wa kazi hiyo Masumbwe hatuna, ni safari ya Mwanza, au Muhimbili kule Dar. Sasa ung'oe magego 4, halafu duara la mzee liache kutoa dhahabu. Si unabaki na mapengo manne na chonge liko palepale?

Mama mdogo nimemwambia tujue kwanza gharama yote mpaka mwisho. Kwa sasa dogo apige mswaki vizuri hapo lilipopandana, chakula kinanasa sana.