Kiapo Hakimtoi Mtoto Mikononi mwa Wazazi

Swali linaloulizwa mno, kuanzia kata ya Sokon I hadi miteremko ya Mlima Meru, kwamba kijana wa miaka 16 atimize masharti gani ili mahakama imtenge kisheria na wazazi wake, limekosewa tangu mwanzo, kwa kuwa utaratibu huo, ambao jimbo la California huuruhusu kuanzia miaka 14 na Ufaransa kuanzia miaka 16, haumo katika sheria za Tanzania. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, bila kujali kama amepita jando, amezaa au anajilipia kodi ya chumba.

Imani iliyo sugu kuliko zote ni ya kiapo, yaani kwamba mzazi na mtoto wakiapa mbele ya wakili kuwa wamekanana, kisha karatasi ikagongwa muhuri, uzazi umekwisha. Hati ya kiapo ni maelezo ya maandishi ambayo mtu huyathibitisha kwa kuapa mbele ya kamishna wa viapo, na kamishna huyo hushuhudia tu kwamba aliyeapa ameapa. Hana mamlaka ya kuvunja uzazi, wala muhuri wake haugeuzi karatasi kuwa amri ya mahakama. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto humwajibisha mzazi kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na wajibu uliowekwa na Bunge haufutwi kwa mapatano ya faragha, tena na mtoto ambaye kisheria hana uwezo wa kufunga mkataba. Wazee wa ukoo wakishuhudia, au mtendaji akiambatanisha barua yake, hakuna kinachobadilika. Mzazi anayejikinga na ada ya shule kwa karatasi hiyo amejiandikia ushahidi wa kutelekeza, kosa ambalo sheria hiyo ilipotungwa ililiwekea faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Anayeumia zaidi ni mtoto, kwa kuwa huondoka akiamini kwamba hana tena wa kumdai.

Ndoa nayo si mlango wa kutokea: vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi vilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kuwa vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019, na anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari hukabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Njia zilizopo ni hizi. Anayepigwa au kunyanyaswa aende kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au apige simu 116, na mahakama inaweza kuamuru aishi kwingine ikiwa nyumbani kuna madhara. Anayenyimwa matunzo aombe amri ya mahakama kupitia mtu mzima anayesimama kwa niaba yake. Ndugu anayemlea aombe haki ya kukaa naye. Aliyetimiza miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi bila kumkana yeyote. Asiye na fedha atafute msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017. Hakuna njia kati ya hizo inayomtaka mtoto aache kuwa mtoto, na zote humfungukia kwa sababu bado ni mtoto.