Kuongeza nguvu ya leza hakutaiponya intaneti ya Mbinga

Intaneti ikigoma Mbinga au Mbamba Bay, swali ni lile lile: kama mkongo unapitisha mwanga, kwa nini wahusika wasiongeze nguvu ya leza? Limeulizwa mno sasa. Chanzo chake kinaeleweka, kwani kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli, mvuvi wa usipa anayeongeza taa huita samaki wa mbali zaidi. Majini hesabu hiyo inakubali. Ndani ya uzi wa kioo haina kazi, na anayekuuzia programu ya simu ya "kuongeza nguvu ya mkongo" anakula pesa yako bure.

Chukua uzi wa kawaida wa kilomita 100, umbali unaokaribiana na njia ya Songea hadi Mbinga. Mwanga wa nanomita 1,550, ambao jicho haliuoni, hupungua humo kwa desibeli 0.2 hivi kila kilomita, hata mwisho wa safari ikabaki sehemu 1 kati ya 100. Hapo mtu hudakia: si ndiyo hayo, ongeza nguvu! Haya, izidishe mara mbili. Umepata desibeli 3, nazo zinaliwa na kilomita 15 tu. Tena upungufu huo ndio ugonjwa mdogo. Data husafiri kama mapigo ya mwanga, na kwa biti bilioni 10 kwa sekunde kila pigo limetengewa pikosekunde 100, yaani sehemu 100 za trilioni za sekunde. Pigo fupi haliwezi kuwa la rangi moja tupu. Kadiri linavyofupishwa ndivyo linavyobeba mchanganyiko mpana wa mawimbi, na kioo hakiyapitishi yote kwa mwendo mmoja. Pigo lililotoka Songea na upana wa pikosekunde 50 huingia Mbinga na takriban 130, tayari limemvamia jirani yake. Lipe nguvu mara mbili ya mwanzo. Mtawanyiko huo haupungui hata chembe.

Ukizidi kuongeza, unaharibu. Kiini kinachopitisha mwanga kina upana wa mikromita 9 hivi, kwa hiyo miliwati 1 tu ikibanwa humo ina ukali unaozidi mara 10,000 ule wa jua la mchana. Kwa ukali wa namna hiyo kioo chenyewe hubadilika tabia: mwendo wa mwanga hufuata nguvu ya mwanga, na mapigo ya mawimbi jirani huanza kuchafuana. Wapo watakaosema kwamba njiani mbona huwekwa vikuza mwanga vya erbiamu. Ndiyo, huwekwa kila baada ya kilomita 80 au 100, lakini kazi yake ni kurudisha kilichopotea. Msomaji aliyebobea ataleta solitoni, pigo ambalo Hasegawa na Tappert walionyesha mwaka 1973 kuwa linaweza kusafiri bila kutanuka, kwa kuwa athari ya ukali inafuta ile ya mtawanyiko. Hoja nzuri, ila inanisaidia mimi: solitoni hudai nguvu maalumu kwa upana maalumu. Ongeza nguvu kiholela, mizani inavunjika.

Kinachotafutwa na wahandisi ni umbo. Harry Nyquist alikwisha kuonyesha mwaka 1928, kwa ajili ya telegrafu, kwamba alama zinaweza kupandana bila kuharibiana, mradi mkia wa kila moja upite kwenye sifuri barabara pale kilele cha jirani kinapopimwa. Leo mapigo ya mwanga huchongwa hivyo hivyo na kompyuta kabla ya kurushwa, na kompyuta ya upande wa pili huukunjua mtawanyiko kwa hesabu. Juu ya hapo pigo moja hupewa hatua tofauti za wimbi, viwango tofauti vya ukubwa na mielekeo miwili ya mtetemo, likabeba biti 8 badala ya 1. Mwanga uliosokotwa kama parafujo, uliofafanuliwa na Allen na wenzake mwaka 1992, nao upo. Mwaka 2013 ulipita kwenye uzi maalumu wa kilomita 1.1. Msiusubiri Mbinga kesho.

Ya kufanya, basi. Pima muda wa kwenda na kurudi: Mbamba Bay hadi Dar es Salaam, kilomita kama 1,100, mwanga ndani ya kioo hutumia milisekunde 11 hivi, kwa hiyo simu ikionyesha 90, hizo nyingine zimeliwa na mnara, foleni au mitambo ya kati. Jaribu usiku wa manane. Ikichangamka, ni msongamano. Ofisi yenye faiba isiupinde uzi kwenye kona kali, mwanga huvuja. Safisha ncha za viunganishi kabla ya kumwita fundi. Ukikuta mkongo umefukuliwa shambani usiukate, hamna shaba ndani ya uzi huo, wala usichungulie ncha yake, maana leza usiyoiona inaweza kuumiza jicho. Toa taarifa kwa mwenye njia hiyo.