Jina Bovu Huficha Maradhi

Hapana shaka kwamba jina la kitu huongoza namna watu wanavyokitendea. Mfano wa kusikitisha ni ule ugonjwa wa ngozi ambao madaktari huuita soriasisi. Kwa kuwa Kiswahili hakijaupa jina mahsusi lililozoeleka, kila mtu hujiazimia lake: upele, choa, ukurutu, na wenye ulimi mkali husema ukoma.

Nilipozuru Illasit, mji wa mpakani katika Kaunti ya Kajiado, nilimsikia mnunuzi akimwonya mwenziwe kuhusu mama mmoja muuza nyanya, ambaye viwiko vyake vilikuwa na mabaka yenye magamba meupe. "Dada, usinunue kwake. Ule ni upele, utaambukizwa." Mama huyo alikuwa ameshaelezwa hospitalini kuwa ana soriasisi, maradhi yasiyoambukiza kamwe. Chanzo chake ni kinga ya mwili iliyokwenda kombo, ikaifanya ngozi ijizalishe kwa kasi isiyo ya kawaida. Neno moja lilimnyima riziki.

Kosa hili si letu pekee. Ulaya nako ugonjwa huu ulichanganywa na ukoma kwa karne nyingi, hadi Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoutenga mnamo 1841.

Lakini hasara kubwa zaidi ni hii: anayeambiwa ana upele hutafuta mafuta ya kupaka, basi. Hajui kwamba uvimbe ule hauishii kwenye ngozi. Mama yule alilalamika kuwa vidole vyake huvimba na kukakamaa kila asubuhi, akailaumu baridi ya Kilimanjaro. Hapa tena jina hupotosha, kwani tumezoea kuyaita maradhi ya viungo "baridi yabisi", tukadhani tiba ni sweta. Wagonjwa wa soriasisi wapatao hata 3 kati ya 10 huugua viungo, na wasipotibiwa mapema viungo huweza kuharibika kabisa. Aidha, wao wamo katika hatari zaidi ya kupata kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, uvimbe wa macho na sonona.

Mkutano wa Afya Duniani uliutambua mzigo huu kwa azimio la Mei 2014. Nasi tuna wataalamu jirani: kituo cha kufunza matibabu ya ngozi kilianzishwa Moshi, upande wa pili wa mlima, mnamo 1992.

Walimu, mkomesheni mwanafunzi anayembandika mwenziwe lakabu kwa sababu ya mabaka. Mwelezeni mgonjwa apimwe sukari na shinikizo la damu, aeleze maumivu ya viungo, ajiepushe na tumbaku na pombe, na amjulishe daktari hali yake kabla ya kupewa dawa nyingine, kwani baadhi ya dawa za malaria na za shinikizo huweza kuyachochea mabaka. Nasi wanalugha tulieneze neno soriasisi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Mara nyingi, hata hivyo, mgonjwa hafichi kitu. Ni sisi tunaomfichia maradhi yake kwa jina la uongo.