KUSHUSHA GIABOKSI YA OTOMATIKI NYUMBANI
Maneno ya somo la radio kwa watu wazima

Leo tutajifunza namna ya kushusha giaboksi ya otomatiki kutoka katika gari, nyumbani kwenu, ili ipelekwe kwa fundi wa kuifungua na kuitengeneza upya. Kazi ya kuifungua, yaani kubadili sahani za klachi na sili za mpira zilizomo ndani, huhitaji vyombo maalum na mahali safi sana. Hiyo tumwachie fundi wake. Lakini kuishusha na kuirudisha ni kazi ambayo mtu mwangalifu, mwenye spana nzuri na msaidizi mmoja, aweza kuifanya.

Mfano wetu ni gari kama Toyota Mark II, ambayo wengi wenu mnaifahamu. Injini yake imelala kwa urefu wa gari, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Magari ambayo magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta yana njia nyingine ya kushushwa, nasi hatutayagusa leo.

Konveta ni kitu gani?

Giaboksi ya otomatiki si kitu kigeni. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliiuza iitwayo Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Tofauti yake kubwa na giaboksi ya kawaida ni kwamba haina pedali ya klachi. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kama boga, kilichojaa mafuta, nacho huitwa konveta. Chukueni feni mbili, mzielekeze uso kwa uso, kisha washeni moja. Upepo wake utaizungusha ile ya pili, ingawa hazigusani. Ndivyo ifanyavyo konveta, ila badala ya upepo hutumia mafuta.

Konveta imefungwa kwa bolti upande wa injini. Upande wa giaboksi haina bolti hata moja, imechomekwa tu. Tafadhali shikeni neno hilo, maana kazi yote ya leo inalitegemea.

Je, ni lazima kuishusha?

Kabla ya kushika spana, pimeni mafuta ya giaboksi. Katika Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, mafuta hupimwa gari likiwa limepata moto, limesimama mahali tambarare, injini inanguruma polepole, na mkono wa gia umekwisha pitishwa kila mahali na kurudishwa kwenye P. Mafuta yakipungua, gari huweza kukawia kushika gia kama kwamba giaboksi imekufa. Tafuteni yanapovuja, mwongeze ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari, kisha mlijaribu tena. Lakini mafuta yakiwa meusi na kunuka kuungua, na ndani ya sampu mkakuta vipande vya chuma, basi giaboksi yataka kufunguliwa. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ya sampu si ajabu. Vipande ndivyo vibaya.

Uhai kwanza

Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Ndani ya jeki ya mafuta mna sili ndogo ya mpira, na siku ikipasuka, gari hushuka bila kupiga hodi. Kwa hiyo mtu yeyote asiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali, maana tofali hupasuka ghafula. Wekeni stendi nne za chuma, mahali kitabu cha gari kinapoonyesha, juu ya sakafu ya saruji. Kama ni udongo, tandikeni ubao mnene na mpana chini ya kila stendi. Likiisha kukaa, lisukumeni kwa nguvu ubavuni kabla mtu hajaingia. Likitikisika, anzeni upya.

Pimeni pia kimo. Giaboksi pamoja na jeki yake itapita chini ya ubavu wa gari. Kama hamkuinua vya kutosha, mtaifungua yote halafu ishindwe kutoka.

Kufungua kwa utaratibu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kila kitu. Bolti za kila mahali zitiwe katika kopo lake lenye jina, kwa kuwa bolti za giaboksi hazilingani urefu, na ndefu ikiwekwa mahali pa fupi hupasua chuma.

Kwanza, ondoeni waya wa hasi wa betri. Stata iko karibu na giaboksi, na waya wake mnene una umeme wakati wote.

Pili, mwageni mafuta. Mengi yatabaki ndani ya konveta, hivyo msidhani kwamba yamekwisha.

Tatu, pigeni alama ya rangi mahali propela shafti inapoungana na difu, ili irudi kama ilivyokuwa. Fungueni bolti zake, na zile za bearingi ya katikati, kisha ichomoeni. Zibeni tundu la nyuma ya giaboksi kwa mfuko wa plastiki, maana mafuta yatatoka hapo.

Nne, ondoeni bomba la moshi la mbele, fito za mkono wa gia, soketi za nyaya, bomba la kijiti cha mafuta, na stata. Mabomba mawili yaendayo kwenye rejeta yafungueni kwa spana mbili: moja ishike, moja ifungue. Mkitumia moja, bomba litajisokota na kukatika.

Tano, fungueni bolti za konveta. Katika Toyota nyingi za namna hii ni sita. Huonekana moja moja kupitia kitundu kidogo chenye kifuniko. Msaidizi azungushe injini kwa spana kwenye puli ya mbele, bolti nyingine ijitokeze. Zihesabuni. Zikiisha kutoka zote, isukumeni konveta kwa mkono irudi upande wa giaboksi.

Sita, tegemezeni injini kwa jeki na kipande cha ubao. Jeki nyingine iwekwe chini ya giaboksi, nayo ifungwe kwa mkanda au mnyororo, kwa sababu giaboksi ya namna hii huweza kupita kilo 60 na haina mahali pazuri pa kushika. Ondoeni mhimili wa chini, shusheni mkia kidogo huku mkitazama feni isigonge kizingio cha rejeta, kisha fungueni bolti zinazoishika giaboksi kwenye injini. Ivuteni nyuma ikiwa sawasawa. Isining'inie. Konveta itoke pamoja nayo. Ifungeni kwa waya mara moja isije ikaanguka miguuni.

Kuirudisha

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao. Fundi amekwisha kuijenga giaboksi upya, nayo imerudi nyumbani. Kabla ya kuipandisha, konveta lazima ichomekwe mpaka mwisho. Ina hatua tatu: meno ya shafti ya ndani, meno ya shafti ya nje, na mwisho shingo yake kuingia katika pampu ya mafuta. Izungusheni polepole huku mkiisukuma. Kila hatua mtaisikia ikizama. Kisha wekeni rula juu ya mdomo wa giaboksi na mpime kina cha konveta. Kipimo kimo katika kitabu cha mafundi cha gari lenu.

Wakati wa kupandisha, mdomo wa giaboksi uungane na injini kwa kusukuma kwa mkono. Ukikataa, msiuvute kwa bolti. Hiyo ni dalili kwamba konveta haijaingia, na mkikaza bolti mtavunja pampu, na malipo yote ya fundi yatakuwa yamepotea kabla gari halijatoka uani. Ukiisha kuungana, jaribuni kuizungusha konveta kwa kidole kupitia kitundu. Ikizunguka kwa wepesi, na kuna nafasi ndogo mbele yake, endeleeni. Ikiwa imekazana, shusheni tena.

Safisheni pia mabomba na kipozeo cha mafuta kilichomo katika rejeta, ama sivyo uchafu wa giaboksi ya kale utaingia katika mpya. Jazeni mafuta ya aina iliyotajwa, washeni injini magurudumu yakiwa hewani na gari likiwa juu ya stendi zake, pitisheni mkono wa gia taratibu, mpime na kuongeza.

Mafuta machafu msiyamwage shimoni wala mferejini. Yatiwe katika dumu lenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaoyakusanya.

Basi, wasikilizaji, kazi hii haitaki nguvu nyingi. Yataka stendi nne, daftari, na uvumilivu wa kupima konveta mara mbili. Kwaherini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini mtu asiingie chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake?
2. Taja dalili moja ya kuonyesha kwamba giaboksi yataka kufunguliwa, na moja isiyotosha.
3. Mdomo wa giaboksi umekataa kuungana na injini. Mtafanya nini, na kwa sababu gani?