Stima ya bure haipo: mita inajua, na SMS za tokeni ni ushahidi wako

Tuseme umepata chumba cha kupanga mjini Migori. Kodi ni sawa, maji yapo, na mwenye ploti anakuambia, "Hapa usijisumbue na tokeni, stima ni ya bure." Habari tamu, sivyo? Lakini siku wakaguzi wakibisha hodi, atakayepatikana ndani taa zikiwaka ni wewe.

Leo tunaeleza jinsi wizi wa stima unavyogunduliwa, na kwa nini ile SMS ya tokeni unayoifuta haraka ina thamani kuliko unavyodhani.

Nani analipa?

Kati ya kila uniti 100 ambazo Kenya Power inanunua, zaidi ya 20 hupotea bila kulipiwa. Nyingine hupotea kama joto kwenye nyaya na transfoma, nyingine huibiwa. EPRA, ambayo husimamia bei ya stima, huruhusu sehemu ya hasara hiyo iingie kwenye bei. Kwa hivyo ukinunua tokeni Oyugis, unamlipia kidogo na yule aliyeruka mita.

Hasara haiishii hapo. Waya za wizi zikizidi, transfoma hulemewa na inaweza kuungua, na mtaa mzima ukakaa giza. Mwenye friza ya samaki Mbita hapotezi uniti hapo, anapoteza samaki.

Mita janja inajuaje?

Mita janja hutuma hesabu yake yenyewe kupitia mtandao, bila mtu kuja kusoma. Inamnasa mwizi hivi:

- Hesabu ya transfoma. Mita moja huwekwa kwenye transfoma, na nyingine kwa kila nyumba. Tuseme ya transfoma inaonyesha uniti 3,000 kwa mwezi, lakini za nyumba zote zikijumlishwa ni 2,300. Hata ukitoa kinachopotea kwenye nyaya, bado kuna pengo kubwa. Hivyo hata aliyeunganisha waya kabla ya mita huacha alama.
- Stima inayoingia na inayorudi. Hizi mbili zinafaa kulingana. Zisipolingana, mita hutuma taarifa.
- Kifuniko. Ukikifungua, mita huandika siku na saa.
- Mabadiliko ya ghafla. Hoteli iliyokuwa ikitumia uniti 20 kwa siku ikishuka hadi 2 na bado inapika chapati, maswali yanaanza.

Kenya Power ilianza kuweka mita za aina hii kwa wateja wakubwa, kama viwanda. Kwenye kisiwa cha Ringiti, Homa Bay, kuna gridi ndogo ya sola ambako wateja hulipia stima kwa simu.

Nyumba nyingi bado zina mita ya tokeni ya kawaida, lakini usidhani hiyo haionekani. Kila tokeni huandikwa kwa namba ya mita. Mita ikikaa miezi bila kununua na nyumba ina watu, ni rahisi kuingia kwenye orodha ya kukaguliwa.

Wewe ufanye nini?

1. Kabla ya kulipa deposit, uliza namba ya mita. Nunua tokeni ya shilingi 100 na uiingize. Ikikataa, uliza kama mita ilisasishwa. Mita za tokeni zilipaswa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na isiyosasishwa haipokei tokeni mpya.
2. Angalia uniti zinavyoshuka. Washa taa na pasi, kisha tazama salio. Lisiposhuka kabisa, kuna kasoro. Usiguse waya, na usimwite fundi wa mtaani "aangalie tu". Waya uliounganishwa ovyo huua.
3. Nunua kwa njia rasmi. Paybill ni 888880, na akaunti ni namba ya mita yako. Tokeni ina tarakimu 20 zilizotengenezwa kwa mita moja tu. Anayekuuzia "tokeni za nusu bei" WhatsApp atakula pesa zako na kukuacha na namba zisizofanya kazi.
4. Hifadhi SMS zako. Usizifute, au chukua taarifa ya miamala yako. Peke yake haimalizi kesi, lakini inaonyesha kwamba umekuwa ukilipa, kwa mita gani na tangu lini.
5. Ripoti. Piga 97771 au *977#. Ukikuta mita imechezewa siku unahamia, ripoti siku hiyo hiyo. Ukinyamaza miezi sita, itakuwa vigumu kueleza kwamba hukuhusika.

Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, kuchezea mita ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani. Na fundi aliyekuambia "hakuna atakayejua" hatakuwa kizimbani nawe.

Kwa hivyo ukiambiwa tena stima ni ya bure, iwe Rongo, Isebania au Kendu Bay, uliza swali moja tu: "Namba ya mita ni gani?" Mwenye ploti mwaminifu atakupa papo hapo. Akianza kuzungusha maneno, tafuta chumba kingine.